Gitaa Ulilolichagua kwa Ajili Yangu

Nthenya mwanangu,

Ukiikuta barua hii juu ya begi lako, usicheke. Najua tunaishi nyumba moja, na mlango wa chumba chako uko hatua nne kutoka meza hii. Lakini wewe bado uko Kola kumuaga nyanya yako, jua linaanza kushuka, na kuna jambo nimejaribu kulisema mara tatu tangu Jumamosi nikashindwa. Jana asubuhi nilianza vizuri kabisa. Nikasema, "Nthenya, kuhusu lile gitaa..." Ukageuka na kikombe mkononi, uso umejaa furaha, nami nikamalizia, "...tutalifunga na blanketi gani?" Basi naandika. Shule yangu iliishia darasa la nane, utanisamehe mwandiko, lakini karatasi ina uzuri wake. Haitabasamu ili kunifurahisha.

Sitakuandikia juu ya neti ya mbu ya Kisumu, wala kuchemsha maji, wala namna ya kukaa na mwalimu mkuu wa shule yako mpya. Hayo shangazi yako amekwisha kukuambia, na aliyoyasahau utayaona mwenyewe. Nakuandikia juu ya gitaa tu. Nataka usome kabla hatujatoka hapa Wamunyu kesho, kwa sababu saa nne tutakuwa kwa Fundi Muia mjini Machakos, na baada ya hapo utapanda basi.

Jambo lenyewe ni hili. Lile gitaa kubwa hukulichagua wewe. Nililichagua mimi.

Turudi Jumamosi. Kibanda cha Fundi Muia unakijua: ngoma za makanisa zilizopasuka, vinanda vilivyong'oka meno, waya kila mahali, na yeye mwenyewe katikati kama kuku aliyeatamia. Akayatoa yale magitaa mawili katika masanduku yake meusi, akasema yote ni ya mzee mmoja aliyekuwa akipiga muziki hotelini Nairobi, sasa amestaafu na amemwachia ayauze. Mimi sikuwa nimewahi kuona gitaa la namna hiyo kwa karibu. Ulikuwa umenieleza kwamba gitaa la jazi lina kifua kilichoinuka, si bapa kama lile la kanisani, na badala ya tundu moja la mviringo lina matundu mawili marefu yaliyopinda, moja kila upande wa nyuzi. Nilikusikiliza kama mtu anayeelezwa habari za theluji.

Muia alikupa lile dogo kwanza, lile jembamba la rangi ya chai. Ukakaa. Ukaliweka pajani, ukapiga ule wimbo unaoupiga jioni ukidhani nimelala. Hukutazama mkono wako hata mara moja. Nililiona hilo, Nthenya. Nililiona kabisa, halafu nikalisahau, kwa sababu wakati huo huo Muia alikuwa anafungua sanduku la pili.

Lile kubwa. Sijui nikuambie nini. Nimechonga miaka thelathini na mbili. Nimechonga vijiko, bakuli, twiga wasio na hesabu, na wale simba ambao mama yako alisema wote wanafanana na mjomba wake. Najua mti ukichongwa vizuri unakuwaje. Kifua cha gitaa lile kilikuwa kimeinuka polepole kutoka ukingoni, kama mgongo wa kijiko kikubwa, na hapakuwa na mahali ambapo jicho lilikwama. Nikawasha tochi ya simu nikachungulia ndani ya tundu. Huko ndani, mahali ambapo mnunuzi hatazami, nikaona njia za patasi, fupi fupi, zimepangwa kama magamba ya samaki. Mtu alikaa na ubao ule siku nyingi, akauchimba kutoka ndani na kutoka nje hadi ukawa mwembamba wa kutetemeka.

Nikapiga kelele pale dukani. Unakumbuka. "Hiki kimechongwa kwa mkono! Si mashine hii!"

Muia akasema, "Umejua aje, Mzee?"

"Namwona aliyekichonga yuko ndani humu!"

Watu wakaja kuchungulia. Yule kijana wa kuuza soksi akachungulia, mama wa ndizi akachungulia. Mimi nikawa mwalimu wa watu wote. Ndipo nikafanya lile ambalo limeninyima raha. Nikaligonga lile dogo, bado liko pajani pako, kwa kidole, ko ko, nikasema, "Na hii je? Hii ni plaiwudi iliyokunjwa na mashine. Hii ni kama mlango wa kabati."

Wakacheka. Wewe pia ulicheka. Halafu ukalirudisha kwenye sanduku lake polepole, kama mtu aliyekutwa amevaa nguo ya kuazima. Ukalichukua lile kubwa, ukalipiga kidogo, ukaniuliza, "Baba, wewe unapenda lipi?"

Nikasema, "Hili! Hata kuuliza?"

Ukasema, "Basi hilo."

Na pesa ni zako, mwanangu, za ile miaka miwili ya kufundisha watoto wa chekechea Katangi. Mimi nilichotoa ni kelele.

Tukaliacha kwa Muia hadi siku ya safari. Tukiwa njiani kurudi nyumbani ulikaa kando ya dirisha, na mkono wako wa kushoto ukaenda kwenye bega la kulia ukaanza kulisugua. Nikakuuliza, "Vipi?" Ukasema, "Niko sawa, Baba."

Maneno hayo mawili nayajua. Nimeishi nayo miaka ishirini na sita.

Kuna kiti cha jikoni ambacho hukuwahi kukikalia sana, kwa sababu kilikuwa cha mama yako. Nilimchongea mwaka tuliooana, cha miguu mitatu, kwa mti mmoja bila kuunga. Nilikuwa kijana, nilitaka ndugu zake wajue wamempa binti yao mtu wa aina gani. Nilichonga ukingo wake kwa nakshi za ushanga. Kila mgeni aliyeingia jikoni alikisifu, na mama yako alikuwa akitabasamu na kusema, "Ni kazi yake." Alikikalia miaka yote hiyo, na siku zote aliweka leso juu yake, ameikunja mara nne. Mimi nilidhani anakilinda kisichafuke. Nilifurahi, hata. Nilijiambia, tazama jinsi anavyokitunza.

Wiki moja baada ya mazishi yake nilitaka kupika uji, nikakaa juu yake bila leso. Nthenya, sikumaliza kupika uji. Ule ukingo wa nakshi unakata paja mahali pale pale ambapo mtu mfupi anakalia. Na ni kirefu. Miguu ya mama yako haikuwa ikifika chini vizuri. Nilikipima kwa goti langu mwenyewe, na macho yangu mwenyewe, na sikuwahi kumwambia, keti nione.

Kwa nini hakusema? Nimejiuliza sana, na sijiulizi kwa uchungu siku hizi, najiuliza kama mtu anayetaka kujua. Nadhani mara ya kwanza alinyamaza kwa sababu nilikuwa nimesimama pale nikimtazama, nikingoja sifa. Na mara ya pili ilikuwa vigumu kidogo kuliko ya kwanza. Baada ya mwaka huwezi tena kusema kiti kinakuuma, kwa sababu watu watakuuliza ulikuwa wapi mwaka mzima.

Ndivyo ilivyokuwa hata alipoanza kuugua. Alisema ni uchovu wa shamba. Niliamini kwa sababu ilikuwa rahisi kuamini. Sisemi ningemwokoa, daktari mwenyewe hakusema hivyo. Ninasema ningekuwa pamoja naye katika maumivu yale miezi sita mapema.

Sasa nikuambie kuhusu jana. Nilikuambia naenda Machakos kununua msasa. Nilirudi bila msasa, ukaniuliza uko wapi, nikasema nimesahau, ukasema, "Baba, unazeeka." Sikuzeeka. Nilikudanganya. Nilikuwa kwa Fundi Muia tangu saa tatu hadi saa nane, na ndani ya mfuko wangu kulikuwa na sweta lako la kijani.

Lile sweta ni kwa sababu ya bakora. Umeniona nikichonga bakora za wazee, lakini sijui kama nimekuambia nilivyojifunza. Mwanzoni nilizichonga kama kitu kingine chochote, nzuri, zenye kichwa cha ndege. Bibi mmoja akaja kutoka bondeni akachagua iliyopendeza kuliko zote. Baada ya wiki akairudisha. Akaitupa mbele yangu akasema, "Kijana, fimbo yako inanipeleka inakotaka yenyewe." Tangu siku hiyo, mtu akija kwa bakora namsimamisha wima, mikono imening'inia, naweka alama kwenye kifundo cha mkono. Halafu nampa fimbo nne tano, namwambia afumbe macho azunguke uwanja. Anayefumba macho hachagui ndege. Miaka ishirini nimefanya hivyo kwa watu nisiowajua, na Jumamosi, binti yangu mwenyewe, nikamchagulia ndege.

Basi nikafika kwa Muia nikamwambia, "Nitolee yote mawili."

"Mzee, si tulimaliza?"

"Nina maswali."

Nikalitandaza lile sweta juu ya gitaa kubwa. Nikaweka bega la sweta mahali bega lako lingekuwa, nikaupitisha mkono wake juu ya kifua cha gitaa kuelekea kwenye nyuzi. Yule kijana wa soksi akapita, akasimama. "Buda, unaivalisha gitaa sweta? Inasikia baridi?" Mama wa ndizi akasema mwache mzee, pengine linaenda kwenye baridi ya Limuru. Nikawaacha wacheke. Mkono wa sweta ulipanda mlima ule, ukafika kileleni, na kabla haujashuka hadi kwenye nyuzi ulikuwa umekwisha. Ili mkono wako ufike, bega lazima lipande juu, karibu na sikio. Nikaona ndivyo ulivyokaa Jumamosi. Nilikuwa nimekutazama na sikukuona.

Halafu nikauliza, na Muia akajibu, na kweli nilifurahia, Nthenya. Ni muda mrefu sijajifunza kitu kipya juu ya mti. Je, wajua lile daraja linaloinua nyuzi halijagundishwa? Limekaa tu pale, limebanwa na nyuzi zenyewe. Nilidhani limeng'oka, nikamwambia Muia tutafute gundi, akashika kichwa. Akanionyesha kwamba lina vigurudumu viwili vidogo vya kulipandisha na kulishusha, na kwamba nyuzi zikiwa juu sana mtu anayeanza anabonyeza hadi vidole vinakufa, anadhani hana kipaji, kumbe ni fundi hakushusha daraja. Akalishusha mbele yangu kwa kidole kimoja.

Akanionyesha nyuzi. Zile za gitaa la kanisani zina mikwaruzo kama mgongo wa tupa, ndiyo maana vidole vyako vinalia zii zii ukivisogeza. Za jazi zimezungushiwa utepe bapa, laini kama ukuta wa chungu. Nilizipapasa muda mrefu. Ndipo nikaelewa kwa nini sauti ile ya redioni haikuwa na mikwaruzo.

Unaikumbuka? Jumapili jioni, mama yako amelala kwenye kochi karibu na dirisha, wewe ukaenda kubadilisha stesheni, akakuzuia kwa mkono. Akasema, "Acha hiyo. Haina haraka." Hakuna hata mmoja wetu aliyejua muziki ule unaitwaje. Ulikaa chini kando yake hadi ukaisha. Baada ya kumzika ukaenda kuliazima gitaa la kanisa, na sijawahi kukuuliza unatafuta nini, kwa sababu nilikuwa nasikia.

Nikamuuliza Muia, shingo je? Akanipimia. Shingo ya lile kubwa ni ndefu kidogo, si sana, unene wa kidole tu, lakini akasema hicho kidole kimegawanywa kati ya vile vyuma vyote vidogo vilivyolala kwenye shingo, na mkono mdogo unakilipia kila wakati unapotanua vidole. Akaniambia mambo mengi, sikuyashika yote. Kwamba mtu asipige dakika tano akasema limemfaa, apige nusu saa, kwa sababu mwili huwa na adabu dakika tano za kwanza. Kwamba avae mkanda wa gitaa, akae, halafu asimame, aone kama shingo inaanguka akiliachia. Kwamba avute pumzi, asikie kama kifua chake kinasukumana na mgongo wa gitaa.

Nikamuuliza pia juu ya maumivu. Nilimuuliza polepole, kama mtu anayeuliza habari za mwingine. "Mtu anayejifunza si lazima aumie?"

Akasema, "Ncha za vidole, ndiyo. Hizo zitauma mwezi, zitaota ngozi, zitanyamaza. Lakini bega, kifundo, mgongo, hizo hazizoei, Mzee. Hizo zinanyamaza tu kwanza, halafu zinakuja na bili."

Nikainamia sweta lako, nikalinyoosha bega. Akaona, akajifanya anatafuta bisibisi.

Halafu nikaona jambo ambalo yeye hakuniambia, na hili niliona kwa kazi yangu. Nililigeuza lile dogo kwenye mwanga wa mlango. Ukingoni, pale mkono wa kulia unapolala, rangi ilikuwa imeisha kabisa, mti umebaki mtupu na laini kama mpini wa jembe la nyanya yako. Nyuma ya shingo pia, vanishi imelambwa na kiganja. Vile vyuma vyake, Muia alikuwa amevibadilisha vipya, kwa sababu vya kwanza vililiwa na nyuzi. Nikaligeuza lile kubwa. Liling'aa kila mahali. Ukingo wake haukuwa na alama hata moja.

Nikamwambia, "Muia, huyu mzee wa Nairobi alinunua lipi kwanza?"

"Kubwa. Akiwa kijana. Nasikia alikopa hadi kwa wakwe."

"Na hili?"

"Miaka kama mitano baadaye."

"Kwa nini mtu mmoja awe na mawili?"

Muia akafuta mikono kwa kitambaa, akasema, "Lile kubwa alilipenda. Hili alilipiga."

Nimelala na neno hilo nikaamka nalo. Na Mungu anisamehe, mlango wa kabati! Baadaye Muia alinieleza kwamba ile plaiwudi niliyoicheka ina kazi yake. Ukiliunganisha na amplifaya, kile kifua kizuri cha kuchongwa kinaitikia kila kelele ya chumba hadi kinapiga mayowe chenyewe, lakini hiki cha tabaka kinatulia. Yaani kile nilichokidharau kilitengenezwa hivyo na mtu aliyejua anachofanya. Mashine pia ina fundi wake. Naandika sentensi hiyo na mkono haupendi, lakini ni kweli.

Sasa, hapa ndipo nilipokaribia kukosea tena. Nilisimama, nikakunja sweta, nikamwambia Muia, "Sawa. Mfungie hili dogo. Kesho kutwa akija, mpe hili."

Muia akacheka hadi akakohoa. "Baba Nthenya! Jumamosi ulimchagulia kubwa. Leo unamchagulia dogo. Kwani ni wewe unaenda Kisumu?"

Nikasema, "Lakini mkono wa sweta umeisha juu ya gitaa. Umeona mwenyewe."

"Nimeona sweta. Sweta halipigi gitaa. Pengine atakaa kwa namna nyingine, aweke mguu juu ya kitu, aliinamishe. Kuna wafupi wanaopiga magitaa kama milango ya kanisa na hawalalamiki. Pengine pia yote mawili hayamfai. Mwache aje aniambie yeye."

Nikakaa tena. Alikuwa amenishika pabaya. Kwa sababu ningekupa lile dogo, ungelichukua. Ungesema, "Asante, Baba, hili ni zuri," na mimi ningerudi Wamunyu nikiwa na raha kwamba nimerekebisha kosa langu, na wewe ungekuwa Kisumu bado unapiga gitaa la baba yako.

Kwa hiyo sikuambii lipi. Naomba unielewe, ni kazi ngumu kwangu kutokuambia, maana nina maoni, na unajua maoni yangu yana miguu. Ninachokuomba ni kimoja. Kesho ukikaa na gitaa, lolote, na mahali fulani pakuume, sema. Sema kwa sauti, hata kama Muia ametoka kulisifu, hata kama mimi ningekuwa nimesimama pale na machozi ya furaha. Sema, "Hapa panauma." Si kukosa heshima. Mimi ndiye niliyekufundisha bila kujua kwamba ni kukosa heshima, mimi na kile kiti, na mama yako aliyenihurumia mno. Kunyamaza kwenu nilikuwa nakuona kama upole. Sasa nadhani ilikuwa ni kazi ngumu mliyokuwa mnaifanya kila siku ili mimi nisijue kitu.

Na ukianza na gitaa, pengine itakuwa rahisi kwa mengine. Huko uendako kutakuwa na chumba cha kupanga, na kazi, na watu. Siku moja pengine atakuja mtu wa kukaa naye. Baadhi ya mambo hayo yatakuwa mazuri sana ukiyatazama. Sina la kusema juu yake zaidi ya hilo. Nimeoa mara moja tu, na niliyemwoa alinibeba.

Nina swali ambalo sikumuuliza Muia kwa aibu. Nalo ni hili: ukiwa umekaa vizuri, kabisa kabisa, bega limeshuka, mkono umelala, je, sauti inabadilika? Au ni mpigaji tu anayesikia tofauti? Nikifikiria patasi, nadhani nalijua jibu. Nikiwa nimekaa vibaya bado naweza kuchonga bakuli, na mnunuzi hataona kitu, lakini mimi nitajua bakuli lile liliharakishwa. Ila muziki sijui. Ukishajua utaniambia. Usiniambie kwa kunifurahisha.

Basi tumekubaliana na Muia hivi. Kesho yote mawili yatakuwa nje ya masanduku, daraja limeshushwa, nyuzi mpya bapa. Atakupa kiti kisicho na mikono na atafunga mlango nusu ili kijana wa soksi asije kutoa mawaidha. Mimi sitaingia. Nimemwambia hata nikiomba maji ya kunywa asinifungulie. Nitakuwa kwenye ile hoteli ya ng'ambo ya barabara, nakunywa chai, nimegeuza kiti kutazama ukutani. Chukua saa nzima. Basi la kwanza likikuacha kuna la pili.

Halafu utatoka. Ukitoka na sanduku, litakuwa limefungwa, nami nitalibeba hadi steji ya mabasi bila kukuuliza lililo ndani. Masanduku yale ni meusi yote mawili na nimeyapima kwa macho, tofauti yake ni ndogo, ukilishika wewe sitajua. Nikilishika mimi nitajua kwa uzito, hilo siwezi kulizuia, mikono yangu imezoea kupima mti. Lakini utaniangalia uso, na ukiona jicho langu limefurahi au limehuzunika, una ruhusa ya kuninyang'anya na kulibeba mwenyewe.

Na ukitoka mikono mitupu, ukasema, "Baba, yote mawili yananiuma," tutakwenda steji hivyo hivyo, mikono mitupu, na nitakuwa nimesikia jambo ambalo sijawahi kuambiwa katika nyumba hii.

Ni mimi,
Baba yako